Gia ya Kidole Gumba

Jumatano, Mfungo Sita

Na yule fundi wa baiskeli kang'ang'ania gia ya kuvuta, iliyofungwa kwenye bomba la fremu. Nkamwambia, "Huna akili weye! Mjukuu wangu ana miaka minane. Mkono mmoja anashikia mtandio, wa pili aupeleke kwenye gia, usukani ataushika nani?"

Akacheka. "Basi, Bi Mkubwa, hii hapa ya kidole gumba, iko kwenye usukani. Lakini ngumu."

Zuhura akabonyeza. Wapi! Akabonyeza tena, ulimi nje. Tak! Ikaingia.

"Bibi, nnaweza! Sasa ntakwenda Mtoni kwa mama peke yangu!"

Nkamkumbatia. Tumeichukua hiyo hiyo.

Tangu hapo situlii. Kidole kile kilipokuwa kikisukuma, mie moyoni nlikuwa nkiomba kishindwe, asinitoke.