Gauni nimelivaa mimi

Mwanangu, chai iko kwenye chupa. Ukitoka, funga gesi. ~~Cherehani usiiguse mpaka tuongee.~~ Hapana, endelea tu.

Asubuhi nilikuta pazia langu jipya limegeuzwa gauni, hasira zikanipanda. Nikaja chumbani kukugombeza, nikakukuta juu ya mswala, mikono umeinua: "Yaa Rabbi, limkae mama vizuri." Nikarudi kinyumenyume.

Kumbe baada ya alfajiri, sisi tukirudi kulala, wewe unajifunza kushona kabla ya kwenda kiwandani! Mungu aibariki mikono yako. Gauni limenikaa utadhani la dukani. Nimelivaa kwenda kazini. Wauguzi wenzangu ninawajua, usishangae nikirudi na vipimo vya wodi nzima.

Mama yako