Jibu la Watu Wawili

Jumatano. Mvua ilitukuta tukitoka masomoni, na mpaka sasa inapiga mabati. Nimelowa, hata roho imelowa.

Leo mwalimu wa hesabu alinipeleka ubaoni. Wachukuzi kumi na moja wameleta mjini magunia 48 ya makala ya kupikia. Wa baiskeli amebeba magunia matatu, wa mkokoteni manane. Baiskeli ngapi, mikokoteni mingapi?

Niliandika x + y = 11, kisha 3x + 8y = 48. Nikazidisha mstari wa kwanza kwa tatu, lakini ile 11 nikaisahau, ikabaki vilevile. Mwishoni nikapata baiskeli 3,6, yaani kinga tatu na kipande cha baiskeli.

"Ile kinga ya mwisho inakosa mupira!" Mukalay alipiga kelele kutoka nyuma. "Makala yote ilimwangika mu njia!"

Darasa zima likacheka. Hata mwalimu.

Ngalula angeliona kosa kabla sijaweka chaki chini.

Mwaka jana tulikaa dawati moja. Kila tatizo tulilifanya mara mbili. Mimi niliweka 11 − y mahali pa x. Yeye alizidisha na kutoa mpaka herufi moja ife. Tulipeana mgongo, hakuna kuchungulia. Halafu tulitaja majibu kwa pamoja, na yakilingana alinikanyaga mguu kwa furaha. Kisha wazazi wake wakarudi Mbuji-Mayi, naye akaenda.

Ubaoni leo nilitumia njia yake. Yangu naijua vizuri. Nilitaka tu kuwa karibu naye kidogo.

Chola, msichana aliyepewa nafasi yake, hakunicheka. Tulipokuwa tunatoka akaniambia, "Kesho tufanye bote, we njia yako, mie yangu. Sawa?"

Nikajifanya nafunga mkoba. Ulikuwa umefungwa tayari. Akangoja, kisha akaenda.

Sikuwa na hasira naye. Niliogopa kwamba nikisema ndiyo, nafasi ile itakuwa yake kweli.

Nyumbani nimelirudia tatizo kwa njia zote mbili. Baiskeli nane, mikokoteni mitatu, na tena nane na tatu. Nikainua kichwa, hakuna wa kumtajia.

Sijui huko Mbuji-Mayi Ngalula anakaa na nani. Natamani awe na mtu wa kumwuliza, "Umepata ngapi?"

Hapana. Bado sitamani hivyo.

Lakini kesho nitamjibu Chola. Sauti ikinikatalia, nitaitikia kwa kichwa.