Mwili wa Mama Unavunja Damu Yake

Jumanne, Julai. Ukungu haujaondoka hapa kwetu Mikinduri tangu asubuhi, na mimi pia sijachangamka.

Leo tulienda Meru mjini kuchukua majibu ya damu ya Mama. Haptoglobini karibu haipo.

Daktari alinieleza mimi, kwa sababu Mama anaelewa Kimeru tu na mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne. Alisema haptoglobini ni protini inayookota himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, inayomwagika chembe nyekundu za damu zinapopasuka. Zikipasuka nyingi, protini hiyo hutumika ikaisha. Ikiwa chini hivi, na macho yamegeuka manjano, na vipimo vingine vinakubaliana, basi shida si kwamba Mama hatengenezi damu. Anaitengeneza. Mwili wake wenyewe unaivunja.

Na sisi miezi yote hii tunampa bitiruti.

Mama Kinya, jirani yetu anayeongoza akina mama wa kanisa, ndiye aliyesema damu imepungua. Tangu hapo wanatuletea bitiruti na mboga za managu kila baada ya ibada. Mama anakunywa juisi ile mpaka midomo inakuwa myekundu, lakini viganja vinabaki vyeupe. Hata damu aliyoongezewa hospitalini haikudumu.

Nilimweleza kwa Kimeru nilivyoweza. Akauliza, "Ni nani anaivunja?"

"Ni mwili wako, Mama."

Alitazama viganja vyake. Kisha akasema, "Basi Mama Kinya anitapishe bitiruti zake zote."

Tulicheka. Daktari akauliza kuna nini, lakini nilikuwa tayari nimeanza kulia.

Dawa ya kuongeza damu tuliyopewa mwanzo haikusaidia, kwa hiyo tumepewa nyingine. Niliuliza kama haptoglobini inaweza kupanda tena. Daktari akasema itapanda chembe zikiacha kupasuka, ndiyo maana watapima tena.

Hakusema zitaacha. Nilisubiri aseme.

Baba ameniagiza nimweleze Mama Kinya, kwa kuwa mimi ndiye niliyeelewa. Jioni Mama Kinya alikuja na beseni la bitiruti, vidole vina udongo wa shamba. Nilifungua mdomo, halafu nikachukua kisu nikamsaidia kumenya.

Mama alinitazama. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru, akanywa chote.

Sioni matumaini, na hapa daftarini ndipo pekee ninapoweza kusema hivyo. Kukipambazuka nimwambie Mama Kinya ukweli, halafu yeye aje kwetu akiwa ameshika nini?