Najificha Siku ya Bev

Mpendwa Shangazi Enid, nisaidie na tafadhali usinicheke, maana mume wangu Alistair ameshanicheka vya kutosha. Mimi ni wakili hapa Harrogate, baba alikuwa mchimba makaa ya mawe kule Rotherham na mama alisafisha nyumba ya daktari mpaka magoti yakamkatalia, na sasa nami nina mtu wa kunisafishia, Bev, anakuja kila Jumatano, na kila Jumatano naamka mapema nasugua choo asije akaniona mchafu, halafu nikimsikia langoni natokea mlango wa nyuma nikajifiche ndani ya gari mpaka amalize, kwa sababu siwezi kukaa kitako na mwenzangu amepiga magoti.

Juzi mama alikuja kukaa nasi baada ya kupasuliwa nyonga, nikamdanganya kwamba Bev ni rafiki yangu, kwa kuogopa ataniona nimekuwa kama wale waliomwachia uchafu wao.

"Rafiki gani huyu anakuja na glavu zake?" mama akauliza.

Nikakiri. Nilidhani atalia, kumbe alicheka mpaka akashika nyonga. "Mwanangu, nilipiga deki ili wewe usipige, na wewe unapiga deki kumpokea mpiga deki!"

Bev alipopita na mashine ya kufyonza vumbi, mama akainua miguu. "Mke wa daktari alikuwa anainua hivi hivi, gazeti usoni, hakunisalimia hata siku moja. Wewe Bev, hujambo mwanangu?" Wakaanza kupiga soga palepale. Shangazi, nilihisi nimetuliwa mzigo wa miaka.

Lakini jioni mama akaniuliza Bev ana watoto wangapi, na sikujua. Alistair anasema sisi ni tabaka la kati, mama anasema sisi ni watu wa kazi na tutazikwa hivyo. Mimi ni nani? Au nimwachishe Bev kazi, yaishe?

Binti wa Mchimba Makaa

Binti,

Pole, na hongera kwa mama uliye naye. Umnyime Bev riziki ili wewe ulale usingizi? Hilo lifute kabisa.

Unadhani kukimbilia gari ni heshima. Mke wa daktari alijificha nyuma ya gazeti, wewe unajificha nyuma ya usukani, na Bev anabaki peke yake vilevile.

Kuhusu tabaka, una mshahara wa wakili na aibu ya mtoto wa mpiga deki. Vyote ni vyako. Nchi hii imejaa watu wa namna yako, nami nikiwemo, kwa hiyo acha kujiona kioja.

Jumatano choo kiache kilivyo. Chemsha maji, mimina chai vikombe viwili, muulize Bev majina ya watoto wake. Kisha mwache afanye kazi yake, nawe kaa. Mashine ikifika kwenye kiti chako, inua miguu, lakini mtazame usoni.

Shangazi Enid