Shoka Ambalo Hukutaka Kuliuza

Kaka Mwita,

Hapa Nyamongo bado wanachimba, na karasha bado zinasaga mawe mpaka masikio yanachoka. Ni mwezi wa tatu tangu malaria ikuchukue. Nimekaa kwenye kiti chako pale duka la intaneti, nina maswali ambayo ni wewe tu ungeyajibu.

Uliniachia neno la siri la gemu lako. Nilipoingia nikamkuta yule askari wako amesimama mlangoni mwa ngome kama mtu anayesubiri bodaboda. Begi lake lilijaa mapanga, mikuki na pinde ulizopora kwa majitu uliyoyaua. Nikaanza kuwauzia wachezaji wengine kwa pesa halisi, kama ulivyonifundisha: "Boke, usimjibu mteja haraka, atajua una njaa." Vyote vimekwenda. Limebaki lile shoka la mkononi mwake. Kwa nini hukuwahi kuliuza, kaka? Si walikuomba kila siku?

Wiki mbili zilizopita mteja mmoja, sijui hata yuko nchi gani, alitaja bei ambayo ingenipeleka chuo cha ualimu mwaka huu huu. Nikamwambia Tata. Si unakumbuka alivyokuwa akifoka: "Mwanaume mzima anaacha shimo la dhahabu anakwenda kucheza!" Safari hii alivaa koti la kanisani, akaja kuona mwanawe alikuwa akifanya nini. Alimtazama askari wako kwa muda mrefu. Akauliza kama huwa anakula. Akauliza kama anatusikia. Nilicheka, halafu nikajikuta nalia.

Nikamwonyesha pa kubonyeza ili shoka liuzwe. Akanishika mkono.

"Sasa tukiuza hilo, huyu mtoto atapigana na nini?"

Mteja nikamwambia haliuzwi. Chuo kitasubiri, na sikufichi, iliniuma.

Siku hizi kila Jumapili baada ya ibada tunaingia wawili: Tata anabonyeza vitufe vya kutembea, mimi vya kupiga. Anagonga kuta mno! Juzi tuliua jitu moja dogo, likadondosha kisu chenye kutu, naye akashangilia duka zima likageuka. Tutaanzia hapo.

Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi chuoni nitafika, hata kwa kuuza visu vyenye kutu. Ila ujue Tata ameanza kumwita yule askari Mwita, na mimi simkatazi.

Mdogo wako,
Boke