Mu Tumbo ya Muminyi

Lubumbashi, tarehe 4 ya mwezi wa sita 1961

Kwa yaya Victorine, kule Bakwanga,

Yaya, mbele ya salamu, kaa chini, juu kama umesimama utaanguka. Weye uko na mudogo mwenye kuogopewa na Katanga muzima. Siku ya tano, saa kumi na mbili ya jioni, nikifungua kinywa mu radio, bambwa ya Kamalondo banaingia chini ya kitanda, bamama banaacha bukari inaungua, na mulevi moja wa Makomeno aliapa hatagusa pombe tena. Bwana Kasonde, mukubwa wa michezo pale studio, aliniambia mbele ya bote: «Léonard, hii sauti yako si ya muntu.» Na miye niliishia mwaka wa ine ya masomo! Benye kumaliza sita njo banabeba mikro yangu.

Basi, salamu sasa. Uko muzima? Nkambo, bibi yetu, iko muzima? Macho yake je? Shiye huku tuko bazima, miye kupita bote.

Mu radio nilibapa hadisi ya Nkambo. Ile ya Muminyi, nyama ya mu mayi mwenye kumeza kijiji muntu kwa muntu, bila kutafuna, mupaka bote banakaa mu tumbo yake na nyungu yabo na kuku yabo, banapika sawa vile hakuna maneno. Unakumbuka pa moto ya mbabula, Nkambo anaita na sauti ya mutoto mwenye kumezwa: «Mwanetu, udi penyi?» Ndugu yangu, uko wapi? Na shiye batatu, weye na ndugu yetu Donat na miye, tunaitika: «Ndi apa!» Niko hapa! Tukishikwa na usingizi, tukikosa kuitika, anafunga kinywa, anaenda kulala, na bale bantu banabakia mu tumbo mupaka kesho.

Mu radio haiko vile. Radio haiitikiwe, yaya. Ukiiitika, jirani atasema uko na wazimu. Bwana Kasonde alitosha muitikio, akautupa inje, aliweka ngoma. Ule dada wa mu hadisi, mwenye kufuata Muminyi pembeni ya mayi, anaitika ndugu yake mupaka anapata njia ya kutoka, alimutosha pia, aliweka muwindaji, juu bunduki inasikilika muzuri mu mikro. Tumbo ya Muminyi ni pipa ya mafuta: ninaingiza kichwa, ninanguruma. Tena alisema Muminyi asemake sawa bantu ya Kasai, njo bantu bataogopa na kucheka pamoja. Basi nilitia sauti ya Nkambo kidogo. Ni kazi, usikasirike.

Donat iko pale pale Kamalondo, ku mashini yake ya kushona. Anakatala kusikiliza radio yangu. Ni wivu.

Mudogo yako,
Léonard Sauti-Kubwa

*

Bakwanga, tarehe 9 ya mwezi wa saba 1961

Kwa mudogo yangu Léonard,

Barua yako ilifika mu mukono ya sista Hortense. Salamu. Niko muzima. Nkambo iko, anaona kivuli tu sasa. Bantu banazidi kufika toka kwenu kila siku na bifurushi. Tunalala kumi na moja mu vyumba mbili. Unazoea.

Nilimusomea Nkambo barua. Hakucheka. Alisema: «Muminyi hana luga. Iko na kinywa tu. Nani alimupa luga yetu?» Juu ya muwindaji, alisema bunduki inaweza kupasua nyama, lakini haiwezi kuonyesha muntu njia ya kutokea. Alifunga macho, nikazania analala. Kisha aliuliza: «Na nani aliitika?» Nikamuambia ngoma. Aligeukia ukuta.

Maneno yangu ni moja. Donat. Benye kufika huku banasema Kamalondo si fasi ya kukaa tena kwa muntu mwenye jina ya Kasai sawa yetu. Umuambie aache ile mashini, mukuye huku bote mbili. Na aniandikie na mukono yake mwenyewe, si yako.

Yaya yako,
Victorine

*

Lubumbashi, tarehe 5 ya mwezi wa kenda 1961

Kwa yaya mwenye kununa,

Nakusalimia mara mia, na Nkambo mara mia na moja. Miye ninanenepa. Hapa muji mara inanyamaza mara inapiga kelele, lakini miye ninanenepa.

Radio ilikuwa ya batoto. Sasa tuko na teatre! Mu sale, ile chumba kubwa ya parokia, siku ya mungu kisha kula, bantu banajaa mupaka mu madirisha. Muminyi iko na metre munane. Ngozi yake ni bâche, turubai ya kufunika mizigo pa camion, macho yake ni makopo mbili ya maziwa na tochi ndani, na bijana sita banatembea chini yake. Miye niko mu kichwa, bien sûr, nani mwengine? Unajua nani alishona ile ngozi? Donat! Alinung'unika siku tatu mizima, «kazi ya bure, kazi ya bapumbafu», lakini alishona kwa uzi mbili mbili, na pa kichwa aliacha mupasuko kidogo, sawa tundu ya kifungo cha koti. Alisema: «Ni ya kupumulia, mujinga, usikufwe umo.» Kupitia ule mupasuko ninaona bantu bote, bo habanione.

Nikufundishe kintu. Mu radio bantu banaona na masikio, kila muntu anajitengenezea Muminyi wake, na Muminyi wa mwoga njo mukubwa kupita. Mu teatre banaona na macho, na macho ikishiba, masikio inafunga. Unaweza kuimba, kulia, kuomba: banaangalia makopo tu. Mwisho, muwindaji akinipiga, bijana ya chini ya jukwaa nabo banapanda na fimbo yabo, banapiga bâche, banapiga kelele: «Muluba! Muluba!», sawa vile Muminyi ni muntu wa kabila yetu. Nilipata nundu mu paji. Bwana Kasonde anasema ni alama ya muchezo muzuri.

Ninalala kwake Makomeno sasa. Hapo ninaitwa Léonard Mumba, sawa mutoto wa hapa Katanga. Ni jina ya teatre, usimuambie Nkambo.

Donat alihama. Mulango ya nyumba ya Kamalondo ilivunjika na mashini haionekane tena. Yeye iko na Baluba bengine ku hema, inje ya muji, baaskari ba ONU, bale ba mataifa yote, banabalinda. Nitamupelekea mukate.

Mudogo yako,
Léonard, Kichwa cha Muminyi

*

Bakwanga, tarehe 22 ya mwezi wa kumi 1961

Kwa Léonard,

Salamu. Tuko.

Umeandika mistari mingi juu ya makopo ya maziwa. Juu ya Donat umeandika mukate. Alikula? Iko hema gani? Iko na blanketi? Banasema treni itapangwa ya kuleta bale ba mu hema huku kwetu. Uende umuandikishe mu liste. Akikatala, umuandikishe kwa nguvu. Weye njo uko karibu naye, hakuna mwengine.

Nkambo anauliza kama mu teatre bantu banaitika. Nilimuambia sijue.

Yaya yako,
Victorine

*

Lubumbashi, tarehe 18 ya mwezi wa pili 1962

Kwa yaya Victorine,

Salamu ya mwaka mupya, hata kama mwaka imezeeka. Nilikawia kuandika juu ya kazi. Mu mwezi wa kumi na mbili balipiga sana huku, bombe na nini. Kwetu Makomeno madirisha tu ilivunjika. Niko muzima.

Teatre ilikwisha. Bâche iko inafunika makaa ya Bwana Kasonde. Lakini usizanie nimekwisha nayo: sasa niko mu gazeti! Kijana moja, Chola, anajua kuchora. Alichora Muminyi mu picha sita. Bantu ba Naviundu banalipa kwa kusoma pa bega ya mwengine. Chola anasema mu karatasi hakuna sauti, hakuna ngoma, kila kintu ni fasi, na fasi ni kidogo. Basi kijiji ni nyumba moja. Kuku alibatosha. Ndani ya tumbo alichora mifupa, nikamuambia: «Apana, bale bantu ni bazima, banapika!» Akasema: «Muzee, muzima ni ngumu kuchora. Mifupa bantu banaelewa mbio.» Muminyi alimupa kofia na mwavuli, sawa karani ya Kasai.

Mu picha ya tano mutoto anaita. Chola alichora ile kibofu ya maneno juu ya kichwa yake, kisha aliniuliza tuandike nini umo. Sikujua. Ilitoka vile, nyeupe. Muntu moja alikuya kuniuliza kama mashini ilikosa wino.

Donat nilimuona mu mwezi wa kumi na moja. Alikuwa anasimama. Alikuwa na shati ya bleu.

Kwisha habari.

Mudogo yako,
Léonard

*

Bakwanga, tarehe 30 ya mwezi wa saba 1962

Kwa Léonard,

Treni ilifika. Zilifika tatu. Nilienda ku gare mara zote tatu na Nkambo, nikamushika mukono. Banasoma majina, muntu anaitika, anashuka, ndugu yake anamukamata. Mara ya kwanza tulikaa mupaka wagon ya mwisho. Mara ya pili na mara ya tatu pia. Hakuna muntu aliitika jina ya Donat. Nkambo alisema pengine habakuita muzuri, akaanza kuita mwenyewe. Bantu balimuangalia. Nilimuacha.

Mu treni ya tatu kulikuwa mama moja, Angélique, mwenye hema ya pembeni na ile ya Donat. Anasema ilikuwa siku ya mungu, mwezi wa kumi na moja. Donat alinyoa, alivaa shati ya bleu. Bakamuambia asitoke, inje ni mubaya. Yeye alisema: «Ninaenda kuangalia mudogo yangu, anacheza hadisi ya nkambo yetu. Nilimushonea ngozi, sijaiona ikitembea.» Hakurudia ku hema.

Alikuya kwako, basi.

Usiniandikie tena radio. Usiniandikie teatre wala picha. Niandikie ile siku.

Nkambo kila jioni anaanza Muminyi kwa batoto ba hapa. Akifika pa kuita, anaita, batoto banaitika sana, yeye anasema si bo, anaenda kulala. Toka mwezi muzima hajamaliza.

Yaya yako,
Victorine

*

Lubumbashi, tarehe 16 ya mwezi wa kenda 1962

Kwa yaya Victorine, na kwa Nkambo, umusomee yote,

Ninakusalimia. Nilianza hii barua mara nyingi, kila mara ilianza na sifa. Nilizitosha.

Ilikuwa muchezo ya mwisho. Sale ilijaa. Ngoma ya kuitika ilikuwa karibu kupigwa, na kabla yake Bwana Kasonde aliwekaka kimya kidogo, bantu bashikwe na woga. Niko mu kichwa ya Muminyi, jicho pa mupasuko. Nikamuona Donat nyuma, pembeni ya mulango. Alikonda. Nilifurahi, yaya. Nilisema mu roho: leo ataona.

Mu ile kimya akaita: «Mwanetu, udi penyi?»

Sijue juu ya nini. Pengine alisikia fasi yake iko wazi, muitikio imekosekana, akazania nimesahau, akataka kunisaidia. Alikuwaka vile. Bantu balicheka, balizania ni muchezo.

Akaita tena. Sasa habakucheka. Moja alisema: «Iko Muluba umu.» Bale bijana benye fimbo baligeuka. Bwana Kasonde, toka nyuma ya pazia, aliniuliza pole pole: «Mumba, ni weye anakuita?»

Bijana ine balimukamata mukono. Habakumupiga pale. Balimutosha sawa unavyotosha mulevi. Pa mulango aliita mara ya tatu, na hakuwa anaimba tena. Aliangalia pa mupasuko kabisa. Alijua jicho yangu iko wapi, yeye njo aliacha ule mupasuko.

Miye nilinguruma. Ilikuwa ngurumo muzuri kupita zote. Sale nzima ilipiga makofi, na tukaendelea mupaka mwisho.

Kesho yake nilienda ku hema. Kisha nilienda Naviundu, kule ku muto, juu muntu moja alisema balimupitisha kule. Nilitembea pembeni ya mayi mupaka mugongo ikauma. Kulikuwa bamama banafua. Sikuona kintu. Nikarudia Makomeno, nikakula.

Nkambo anauliza nani aliitika. Mu hadisi yake, wa ndani anaita, wa inje anaitika. Shiye tuligeuza: yeye alikuwa inje, miye ndani. «Ndi apa» ni maneno mbili tu, hata mutoto mwenye usingizi anaijua. Nilikuwa nayo mu kinywa.

Usimuambie bâche ilikuwa nzito, usimuambie ngoma ilinifunika. Ngoma haikupigwa bado. Aliniita mara tatu, yaya. Nilisikia zote tatu.

Mudogo yenu,
Léonard