Chumba cha Watoto Hakifungwi

Nyumba ya Bibi,
Mlango wa Nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kazini kwako. Baba Mdogo na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mkono wa kulia wa Mama bado mzito tangu apooze, na maneno yanamtoka kwa shida, lakini anakula mwenyewe, na kwa kununa hajambo kabisa.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Unasema Mjomba yuko sahihi: chumba cha watoto kifungwe, nyumba ipangishwe, mimi nirudi kuchomelea mageti, kwa kuwa kulea watoto wa mtaa ni kazi ya wanawake wa ukoo wetu na Mama hakujaliwa binti. Mama Mdogo, nakuheshimu kama mama yangu mzazi, lakini hili sikubali. Nikueleze yaliyotokea, maana najua Mjomba amekusimulia nusu.

Kilivyoanza unajua kuliko mimi. Mama yake Bibi aliwashikia wanawake wa kiwanda cha nguo watoto wao, akiwalaza sebuleni kwake. Bibi akavunja ukuta, akapata chumba. Wewe na Mama mkakipaka rangi ya kijani, mkaweka vitanda vidogo kumi na viwili. Mimi nilikulia humo humo. Nilijua kubembeleza mtoto kabla sijajua kushika nyundo. Wakati ule hakuna aliyeniambia kwamba nafanya kazi ya wengine.

Mama alipoanguka, tulifunga siku mbili tu, tukiwa hospitali. Siku ya tatu nikafungua mimi. Wiki ya kwanza wazazi waliniachia watoto kwa sababu hawakuwa na pa kuwapeleka. Wiki ya pili maneno yakaanza: jitu zima, fundi vyuma, linaloitwa Tingatinga, linatafuta nini kwa watoto wachanga?

Simlaumu mzazi anayeuliza. Nilimwomba muuguzi mstaafu, jirani yetu, akae nami kila siku, na milango nikaiacha wazi. Haikusaidia. Kutoka watoto kumi na wanane wakabaki wanne. Sitakuficha, iliniuma. Nilikaa kwenye kile kiti kifupi, nikawatazama wale wanne wakigombania mpira mmoja wakati mingine mitatu imelala tu pale, nikatamani kofia yangu ya kuchomelea nifiche uso.

Ndipo Mjomba akaitisha mkutano wa wazazi, Jumamosi moja, chumbani mle mle. Alisimama, akakohoa, akasema mikono ya mwanamume haikuumbwa kubadilisha nepi. Wengine wakacheka. Papo hapo mtoto wa kondakta, wa miezi minane, akachafua nepi, na harufu ikautangazia mkutano mzima. Mama yake, kondakta mwenyewe, akaanza kuinuka.

"Kaa, dada," nikamwambia. "Hii ni zamu yangu."

Nikamlaza mtoto mezani, mbele ya Mjomba.

"Endelea, Mjomba. Nakusikiliza."

Nilimfuta mtoto kwa maji ya uvuguvugu, nikamkausha, nikamfunga nepi safi, mkono mmoja ukiwa juu ya tumbo lake muda wote asije akajiviringisha. Yeye alikuwa akinivuta ndevu na kucheka. Nilipomaliza nikawaambia wazazi: mwenye hofu na aje saa yoyote, asibishe hata hodi. Lakini Jumatatu alfajiri nafungua, hata akija mtoto mmoja.

Mjomba akamgeukia Mama, aliyekuwa pembeni kwenye kiti cha magurudumu. "Mwambie mwanao!"

Mama alihangaika na ulimi mpaka jasho likamtoka. Tulisubiri. Lilitoka neno moja.

"Afungue."

Sasa wako kumi na watatu. Watano hawakurudi, na sitawabembeleza. Mjomba haniitikii salamu. Tukikutana dukani anasoma maandishi ya kwenye sabuni. Mimi namwamkia vile vile. Na ulivyouliza ni mwanamke gani atanikubali kwa kazi hii, jibu ni kwamba atakayenitaka atanikuta nimepakata mtoto. Sina cha kumficha.

Najua Mjomba amekutumia karatasi ya kukubali nyumba ipangishwe. Sahihi ni yako, siwezi kukushika mkono. Ila ujue mapema: wapangaji wakiingia, mimi nahamishia vitanda kwenye banda langu la kazi, na mitungi ya gesi itakwenda kutafuta pengine pa kukaa.

Kabla hujaweka sahihi, panda basi uje. Ukae nasi siku nzima, tangu mtoto wa kwanza anapoingia analia mpaka wa mwisho anapochukuliwa amelala. Kisha unitazame machoni uniambie nifunge. Ukiweza, nitakusikiliza. Nina hakika hutaweza.

Nisalimie Baba Mdogo, na mdogo wangu Miwani, na kale Katundu kasikotulia. Mama anakusalimu, ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto, na hiyo alama hapo chini ni yake. Mungu akulinde njiani na akupe nguvu ya magoti.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapokubishia,

Tingatinga
Mlezi wa watoto